Mshale Uliomtoa Bi Harusi Nje

Hii nimewasimulia watu wachache sana, na wote niliwaapisha kwanza, lakini kwa kuwa wahusika wenyewe wameshanisamehe (mmoja alichukua miaka minne, nitamtaja), basi na nyinyi isikieni, mnicheke mara moja tumalize. Mimi ndiye niliyemtoa nje bi harusi wa watu, pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mchana kweupe, kichwa wazi, muda mfupi kabla ya ndoa yake, nikamsimamisha barabarani mbele ya watu wenye vikapu, kwa sababu ya kijishale chembamba kama unywele. Sikuwa mlevi, sikuwa na wivu, na bi harusi mwenyewe, Saumu, alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Nilikuwa tu nimeazimwa kamera.

Kamera ilikuwa ya kaka yangu Idi, aliyekuwa ametoka masomoni Ulaya ya Mashariki kujifunza mambo ya mitambo, akarudi na sweta mbili zisizo na kazi yoyote Dar es Salaam pamoja na hiyo kamera, nzito kama tofali, ndani ya mfuko wa ngozi. Ilikuwa na mambo mawili ya ajabu. La kwanza, ukichungulia kwenye kidirisha chake unamwona kila mtu wawili, mmoja mzito na mmoja kivuli, na kazi yako ni kuzungusha lenzi mpaka hao wawili waingiane wawe mtu mmoja, hapo ndipo picha inatoka safi. La pili, na hili ndilo lililoniumbua, ilikuwa na kipimo cha mwanga humo humo, yaani juu yake kuna kijidirisha kingine chenye mshale, mwanga ukiwa mwingi mshale unapanda, ukiwa mdogo unalala, wewe unazungusha gurudumu mpaka mshale ukae kwenye alama katikati, unasoma namba, unazipanga kwenye lenzi, unapiga. Wapiga picha wetu wa studio za Kariakoo walikuwa wakiangalia jua kwa jicho, wanakunja uso, basi wameshapima. Sisi tulikuwa na mshale, na mimi nilishaanza kuringa nao kabla hata sijaugusa.

Siku moja kabla ya harusi Idi alikuwa anaondoka kwenda Morogoro kikazi, akanikalisha barazani kwetu Buguruni anielekeze. Nami nilikuwa na haraka, hina yangu ilikuwa inanisubiri kwa jirani, na isitoshe nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja pale Posta, mashine kubwa kuliko hiyo naiendesha huku nimefumba macho, sasa kitu cha kuning'iniza shingoni kitanishinda nini. Akanionyesha gurudumu, akanionyesha namba, akanionyesha mshale, akasisitiza nisipige mpaka mshale ukae katikati, kwa sababu mkanda ulibaki na picha tatu tu na mwingine kama huo hauko mji mzima. Halafu akasema, "Sasa, kabla hujapima, kuna kitu hapa mbele..."

"Najua, kaka," nikamkatisha.

Sikujua. (Mpaka leo nikimsikia mtu analitamka neno hilo kwa sauti ile ile yangu, natamani kumziba mdomo.) Idi akaniangalia, akaona dada yake ni mtu mkubwa huko Posta, akafunga mfuko wa ngozi na kunikabidhi.

Sasa niwaeleze kwa nini picha hizo tatu zilikuwa jambo zito. Saumu alilelewa Kilwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Somoe, tangu ananyonya mpaka amevunja ungo, ndipo mama yake akamleta Dar. Ilipofika habari ya posa, bibi hakuridhika. Alisema huyo mchumba, Athumani, hamjui, hajawahi kumtia machoni, na mjukuu wake anaozwa haraka haraka mjini pengine kwa kusukumwa. Angekuja mwenyewe kuhakikisha, lakini masika yale yalikuwa mabaya, Rufiji imefurika, barabara ya kusini imekatika, na bibi meli haipandi hata umlipe. Akatuma barua na mtu: apigwe Saumu picha siku yenyewe, akiwa amepambwa, aletewe, akimwona uso atajua mwenyewe kama mtoto anaingia kwa furaha yake, na hapo ndipo atatoa radhi yake. Mnajua uzito wa radhi ya aliyekulea. Saumu alilia na barua ile siku mbili, maana Athumani alikuwa anampenda yeye mwenyewe kweli kweli, hakusukumwa na mtu.

Na kwa nini nipige mimi? Kwa sababu bi harusi aliyepambwa hatazamwi na mwanamume yeyote kabla ya mumewe, hata awe mpiga picha bingwa wa mji. Mwanamke mwenye kamera Kariakoo nzima nilikuwa mimi, na kamera yenyewe ya kuazima.

Basi siku ikafika. Nikaingia chumbani saa nane mchana na mfuko wangu wa ngozi begani, wanawake wakanipisha njia, nikajiona mtu. Saumu alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, asumini kichwani, macho chini kama anavyotakiwa bi harusi. Pembeni yake amekaa somo wake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyemfunda na ndiye mlinzi wake mpaka akabidhiwe kwa mume, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu mtaa wa tatu bila kusimama. Nikaitoa kamera, nikachungulia, nikawaona Bi Mwanahawa wawili (mmoja alitosha), nikawaunganisha. Kisha nikatazama mshale.

Mshale umelala chini kabisa, kwenye wekundu.

Nikazungusha gurudumu, umelala. Nikafungua dirisha, umelala. Nikaitisha taa ya chemli, mchana ule, mtu akasimama nayo karibu na uso wa bi harusi mpaka jasho likaanza kumharibia wanja, umelala. Nikaigeuza kamera ghafla kuelekea mlangoni na mshale ukatikisika kidogo, nami nikawaambia wanawake, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba mmeona, unatafuta mwanga, humu ndani hakuna mwanga wa kutosha. (Ulitikisika kwa sababu niliutikisa. Hata kijiko ndani ya kikombe kingetikisika.) Nikapendekeza bi harusi atoke uani.

Bi Mwanahawa akasema bi harusi hatoki chumbani mpaka amtoe yeye. Nikamweleza kwamba nikipiga hapa, Bibi Somoe atapelekewa kipande cha karatasi cheusi. Saumu akasema pole pole, bila kuinua macho, "Somo, ni kwa ajili ya Bibi." Bi Mwanahawa akavuta pumzi, akamfunika Saumu kanga mbili, tukatoka.

Uani kulikuwa kumefunikwa turubai, pilau iko jikoni, moshi umejaa, na mshale, kama mlivyokwisha kubashiri, umelala. Nikaomba turubai likunjwe. Likakunjwa upande mmoja, wapishi wakaanza kulalamika jua limewaangukia, mshale haukujali. Likakunjwa lote. Mama mmoja akapita na sufuria akanigonga kiwiko, mshale ukaruka kidogo, nikapiga kelele ya furaha, ukalala tena. Hapo mtu mwenye akili angekaa chini ajiulize. Mimi nilitazama juu nikaona ukuta wa uani ni mrefu na jua limeshaegemea magharibi, nikafikia uamuzi wa kitaalamu kabisa kwamba mwanga wote uko upande wa mbele ya nyumba, barazani.

Mama Saumu akashika kichwa. Bi Mwanahawa alisema maneno ambayo sitayaandika. Lakini mnajua mambo yanavyokwenda, mtu akishakubali hatua mbili ya tatu inakuwa ndogo, na kila walipogoma mimi nilitaja jina la Bibi Somoe na Saumu aliniunga mkono, mpaka ukapatikana mpango: wanawake sita watashika kanga kuzunguka pande zote kama ukuta, bi harusi katikati amefunuliwa kichwa, mimi nimeachiwa upenyo wa kuingiza kamera tu, dakika moja, tumemaliza, tumerudi. Tukapita ukumbini kwa mwendo wa kunyata, kanga zetu zimening'inia, tukafika barazani.

Umelala.

Nikasema tusogee kidogo, hapa bado kuna kivuli cha paa. Tukasogea. Kidogo tena. Mimi narudi kinyumenyume macho kwenye kijidirisha, ukuta wa kanga unanifuata, nikakosa ngazi ya baraza, nikayumba, kidole kikabonyeza. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza, na ilikuja kutoka vizuri ajabu, mguu wangu wa kushoto na kandambili, kila kitu kinaonekana mpaka hina. Nilipojishika sawasawa tulikuwa tumeshashuka wote, tumesimama katikati ya Mtaa wa Sikukuu.

Sasa hapo niwarudishe nyuma kidogo. Asubuhi ya siku hiyo liliingia ndani ya nyumba ile gunia dogo la sukari, halali kabisa, Mama Saumu alilipata kwa kibali cha harusi kilichosainiwa na mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Ngonyani. Lakini miaka ile sukari haikupita mtaani bila kusindikizwa na macho. Nanyi mnakumbuka tulivyokuwa: ukiona watu watatu wamesimama mlangoni unasimama wa nne, unaulizia baadaye. Sasa watu wa Kariakoo wanaotoka sokoni na vikapu vyao wakaona wanawake kumi wamebanana mbele ya nyumba ile ile lilimoingia gunia, wamezungushia kanga kitu fulani katikati hakionekani. Mama mmoja akaja akasimama nyuma ya Mama Saumu, kimya, na kikapu chake. Nyuma yake akasimama bwana mwenye baiskeli. Nikasikia mtu anauliza hapa wanatoa nini, na mwingine anamjibu kwa uhakika kwamba ni sukari, gunia ameliona mwenyewe likiingia.

Sikujali. Nilikuwa nagombana na mshale. Jua lote la Dar es Salaam lilikuwa limetuangukia, Saumu amekunja uso kwa mwanga, na mshale umelala pale pale kwenye wekundu. Nikaanza kuamini kwamba jua letu halitoshi kwa kamera ya Ulaya. (Nilisema hivyo kwa sauti. Walinisikia. Wapo wanaonikumbusha.)

Foleni ikafika kona. Na foleni ikifika kona, Mzee Ngonyani anafika. Huyu alikuwa Mngoni wa Songea, mtu wa kanisani na mtu wa utaratibu, moyo wake haukuvumilia kuona watu wamekaa ovyo, kwa hiyo alipanga kwanza akauliza baadaye. Akapita akinyoosha mkono, mstari mmoja ndugu zangu, mstari mmoja, akina mama wenye watoto mbele, na kwa dakika chache akawa ameunyoosha mpaka ukaziba mlango wa nyumba ya harusi, sisi nje, mlango ndani ya foleni. Kisha ndipo akamjia Mama Saumu na kumnong'oneza kwa huzuni kwamba kibali alimpa cha harusi, mbona ameanza kuuza.

Na hapo ndipo bwana harusi akaja.

Athumani alikuwa anafanya kazi kivukoni Magogoni, kazi yake kutwa nzima ni kuwapanga abiria wanaovuka kwenda Kigamboni, asiyefuata mstari anarudishwa nyuma hata awe nani. Alikuja kwa miguu kutoka kwao mtaa wa pili, kanzu nyeupe, joho, kilemba, wajomba zake nyuma, wakakuta mlango wa ukweni umezibwa na foleni. Akaomba njia. Mama mmoja akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ndugu, sote tumevaa tunavyoweza," akamwambia. "Foleni inaanzia kule."

Alikuja kutuambia baadaye kwamba alidhani ndiyo mipango yetu, ameona mjumbe mwenyewe anasimamia, akajua wageni wanaingizwa kwa zamu, naye ni mtu wa kivuko, angeanzaje kuruka foleni siku ya harusi yake. Akaenda nyuma. Wajomba walibaki wakibishana, yeye akaenda akasimama mwisho, joho na vyote. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alitaka kumfunga mtoto mgongoni, akampa kikapu amshikie, akakipokea.

Sisi wa ndani ya kanga hatukuyajua hayo. Mimi nilikuwa karibu kulia. Picha mbili zimebaki, mshale haupandi, na naanza kumwona Bibi Somoe kule Kilwa anafungua bahasha tupu, anasema nilijua, wamemwoza kwa nguvu hata uso wamenificha. Nikainua kamera kwa mara ya mwisho. Ndani ya kidirisha Bi Mwanahawa wawili walikuwa wananikazia macho, wamekunja mikono, na sikuwaunganisha, niliona hata wakiungana hasira itakuwa ile ile.

"Zena," akasema. "Tangu saa nane umenielekezea hicho kitu usoni. Hiki kilango hapa mbele ni cha nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja dogo kuhusu kupiga picha, kwamba wote waliokuwa mbele ya kamera mchana kutwa walikuwa wanakiona, na aliyekuwa nyuma yake, yaani mtaalamu, ndiye peke yake asiyekiona. Nikaigeuza. Juu ya lenzi palikuwa na kipande cha chuma kimeandikwa maandishi ya huko huko, ambacho siku zote nilidhani ni jina la kiwanda. Bi Mwanahawa akanyoosha ukucha wake wenye hina, akakichokonoa. Kikafunguka tik, kwa juu, na nyuma yake kikatokea kioo chenye vipele vipele. Ndicho kilichokuwa kinaona mwanga. Nilikuwa nimetembea na kamera iliyofumba macho kutoka chumbani mpaka barabarani.

Mshale ukaruka mpaka ukagonga ukingo wa mwisho.

Bi Mwanahawa akanitazama, akatazama kilango, akatazama jua, akamtazama bi harusi wake aliyesimama barabarani na asumini zinaanza kunyauka, akasema taratibu, "Kwa hiyo hata chumbani kulikuwa na mwanga." Mmoja wa wanawake walioshika kanga akashindwa kujizuia. Akacheka wa pili. Wakacheka sita wote, na mtu anayecheka kwa tumbo hawezi kushika kanga juu, zikashuka zote kwa pamoja kama pazia la mchezo wa kuigiza.

Saumu akainua macho. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama, foleni imepinda kona nzima, na pale penye kona akamwona Athumani wake, na joho lake na kilemba chake, amesimama wa mwisho kwenye foleni ya sukari, amekumbatia kikapu cha mtu chenye bamia. Athumani naye akamwona. Alitakiwa ageuze uso, akashindwa, mdomo ukabaki wazi. Na Saumu wangu, ambaye wiki nzima alikuwa hali wala halali, akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje, machozi yanamtoka, bi harusi ambaye hatakiwi hata kutabasamu.

Mshale sasa ulikuwa hai. Nikazungusha gurudumu mpaka ukakaa katikati, nikasoma namba, nikazipanga, nikasogea pembeni mpaka Athumani na kikapu chake na foleni yote wakaingia nyuma ya Saumu, nikawaunganisha Saumu wawili wakawa mmoja, nikapiga. Kisha Bi Mwanahawa akavua kanga yake ya kichwani akamrushia Saumu usoni akamburuta kuelekea mlangoni, na foleni ikaanza kunung'unika, mbona hao wanaingia moja kwa moja.

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu, ingawa shehe alichelewa kupita mlangoni. Mzee Ngonyani alipoelewa aliona haya kuliko mimi, lakini hakuweza kuwaambia watu waliosimama juani muda wote ule kwamba hakuna kitu, kwa hiyo Mama Saumu akachemsha chai ya rangi kwa sukari ile ile ya kibali, kila mtu glasi moja, kwa mstari mmoja, na waliokunywa chai wakasikia harufu ya pilau wakakaa. Pilau haikuwafikia wajomba wa bwana harusi. Mimi nililetewa ukoko, na aliyeuleta alihakikisha nimejua kwamba ni ukoko.

Picha ya tatu niliipiga baada ya ndoa, uani, Bi Mwanahawa amesimama juu yangu anakilinda kilango kisijifunge. Hiyo ilikuwa picha ya heshima: Saumu amekaa, macho chini, midomo imebanwa, kama ada inavyotaka. Zilipotoka studio Mama Saumu akaichukua hiyo akaibusu, na ile ya barabarani akaamuru ichanwe, kwamba aibu haiwekwi kwenye karatasi. Akanipa mimi niichane. Nikamwonyesha Saumu, akaitazama muda mrefu, akasema niweke zote mbili kwenye bahasha. Nikaandika anwani kwa mashine ya ofisini, nikaipeleka posta, na tangu siku hiyo nikawa sipati usingizi, maana sasa nilikuwa nimemwaibisha bi harusi mbele ya mtaa na pengine nimemkosesha radhi ya bibi yake vile vile. Saumu aliolewa, alihamia kwa mume, lakini kila nikienda kumsalimia nilikuta amekaa dirishani, na swali lake la kwanza ni kama posta wameleta kitu.

Jibu lilikuja mvua zilipokatika. Mama Saumu aliita watu, nikapewa barua niisome kwa kuwa mimi ndiye msomi wa Posta, Athumani kakaa kwenye kigoda, Bi Mwanahawa upande wa pili ameniangalia begani ili asiniangalie usoni. Bibi Somoe alimwandikisha mwalimu wa shule ya pale kwao, na mwalimu aliandika kila kitu kama kilivyosemwa.

"Ile picha ya kwanza ilinitisha," nikasoma, "nikasema ndiyo niliyoyahofia, mtoto kafungwa mdomo. Nikaiweka chini. Nikaitazama ya pili. Saumu anacheka kama alivyokuwa akicheka hapa kwangu akiniibia nazi. Na yule anayetazamwa ameshika kikapu cha mwanamke siku ya harusi yake na wala hakukitupa. Huyo namjua sasa. Waambieni radhi yangu wanayo wote wawili, dunia na akhera."

Saumu alilia mpaka nikashindwa kuendelea. Athumani aliangalia miguu yake, huku anacheka na kufuta macho kwa mkono wa shati. Hata Bi Mwanahawa aliinua upindo wa kanga machoni (alinisamehe miaka minne baadaye, aliponikubalia kuwa somo wangu mimi, kwa sharti kwamba kamera ibaki kwa Idi). Nikamalizia mstari wa mwisho: "Na hiyo foleni naona ni ndefu, nyuma haina mwisho. Ilikuwa ya kitu gani? Kama ni sukari, nanyi mlipata, mbona hamkunikumbuka?"

Basi ndugu zangu, tangu siku hiyo neno "najua" nimelifungia kabatini. Mtu akinielekeza kuwasha jiko la mafuta namsikiliza mpaka mwisho, nauliza maswali, namrudisha nyuma, na kitu chochote chenye kioo nakizunguka mbele na nyuma nikitafuta kilango. Na kesho yake baada ya barua ile, asubuhi, tulipanga foleni ya sukari ya kweli kule dukani, watatu sisi, Saumu, Athumani na mimi, kwa ajili ya Bibi wa Kilwa, na kikapu, bila kuambiwa na mtu, alikishika Athumani.